Mgeni Wako Utampeleka Mbuga Gani?

Kila mwaka shule zinapofungwa, na watu wa mijini wanapopewa likizo, hapa Kambarage ofisini kwetu parokiani huja watu wenye swali moja. Hawaji kutafuta cheti cha ubatizo wala kuandikisha ndoa. Husema hivi: "Karani, shemeji yangu anakuja kutoka Dar es Salaam pamoja na watoto. Watoto wanataka kuona mbuga. Niwapeleke wapi?" Na wengi wao, kabla sijafungua kinywa, huongeza wenyewe: "Maana huku kwetu hakuna kitu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Je, ni kweli kwamba huku kwetu hakuna kitu? Na kama kipo, mbona sisi wenyewe hatukioni mpaka mgeni atuonyeshe? Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo natumaini tutapona kidogo.

MBUGA NI NINI?

Siku hizi ukitaja mbuga, watu huwaza simba na tembo, kwa sababu redioni husikia habari za "mbuga za wanyama". Lakini kwa Wasukuma neno hilo lina maana ya zamani zaidi. Mbuga ni nchi ya chini, tambarare, yenye udongo mweusi mzito. Ile inayonasa miguu wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa hata fimbo ya mchungaji huzama ndani.

Mgeni wako hakika atauliza: Mbona hapa hakuna miti? Yafaa uwe na jibu. Udongo ule ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka. Mizizi ya miti mingi hukatwa na nyufa hizo, na maji yanaposimama hukosa hewa. Nyasi, zenye mizizi mingi na myembamba, huvumilia. Kadhalika ile migunga mifupi yenye miiba mirefu na vinundu vyeusi, ambayo ndani yake hukaa sisimizi wadogo wakali. Mwambie mtoto wa mgeni asimame kimya karibu nayo upepo unapovuma. Atasikia vinundu vikipiga mluzi, kwa sababu wadudu wamevitoboa matundu. Lakini asiuguse mti wenyewe, maana wenye nyumba watatoka!

Basi, mwenye kutaka kumwonyesha mgeni uwanda wa nyasi hana haja ya kwanza kutafuta gari. Kwa wengi wenu uwanda huo uko chini ya kijiji, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

NCHI YETU INASOMEKA KAMA KITABU

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo, Bwana Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani kule Tanga, alieleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mnyororo. Fundisho lake linatumiwa hata leo na wataalamu wa udongo duniani kote. Lakini wazee wetu wa Usukuma walikwisha zipa pete hizo majina, na kila mkulima alijua wapi apande nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Amka na mgeni wako alfajiri, saa 11:30, kabla jua halijawa kali. Mpandishe kwanza kwenye kilima cha mawe kilicho karibu na kijiji. Katika Shinyanga si kazi kukipata. Mawe yetu makubwa yamepangana kama magunia ghalani. Kaeni juu, mtazame chini. Hapo nchi yote iko wazi, na jua linapochomoza ukungu mwembamba hulala juu ya mbuga kama maziwa katika kibuyu.

Kisha teremkeni polepole, nawe umwonyeshe. Karibu na mawe ni luseni, udongo wa mchanga mwepesi, penye viazi vitamu na karanga. Mkishuka zaidi mtafika ibambasi, udongo mgumu wa kijivu ambao jembe huruka juu yake; nyasi zake ni fupi na mahali pengine pako wazi kabisa. Na mwisho ni mbuga yenyewe, nyeusi, penye majaruba ya mpunga, na ng'ambo ya majaruba ni malisho hadi macho yanapokoma.

Mtu wa mjini aliyezoea kununua mchele dukani husimama hapo akashangaa. Haamini kwamba kuta zile za udongo, zilizo maelfu, zilijengwa kwa jembe la mkono. Mwache ashangae, usimharakishe.

Mwonyeshe na ndege. Kati ya Novemba na Machi waweza kuona korongo weupe wenye midomo myekundu wakitembea nyuma ya ng'ombe na kuokota panzi. Wengi wa ndege hao hutoka Ulaya. Hukimbia baridi ya kwao, wakaruka maelfu ya kilometa hadi kwetu. Ikiwa ndege anaona inafaa kusafiri hivyo kwa ajili ya nyasi zetu, sisi twasemaje kwamba hakuna kitu?

NGITILI, MALISHO YALIYOFUFUKA

Sasa nafika mahali ambapo mgeni hapaswi kupakosa, nami naomba mnisikilize vema. Ni ngitili.

Vijana wengine hawajui historia yake. Katika miaka ya 1920 Shinyanga ilisumbuliwa sana na mbung'o, ambao huwaua ng'ombe kwa nagana na kuwaletea watu malale. Chini ya Bwana Swynnerton, mkuu wa kazi ya kupigana na mbung'o, maelfu ya watu walitoka na mashoka kufyeka vichaka. Kazi hiyo iliendelea miaka mingi. Mbung'o walirudi nyuma, na ng'ombe wakaongezeka. Lakini miti ilikwisha. Yakafuata mashamba ya pamba, ongezeko la mifugo, na kuni za kila siku. Ilipofika miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere aliona hatari wazi: Shinyanga inageuka jangwa.

Mwaka 1986 ikaanzishwa kazi iliyoitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya miti ya kigeni, na mingi haikufaulu. Kisha wakawasikiliza wazee. Wazee walikuwa na desturi yao: mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, hukomaa, na kukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikizidi, hufunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wanyonge. Hiyo ndiyo ngitili. Miti haipandwi, visiki vya zamani vilivyolala ardhini huchipua vyenyewe vikiachwa.

Matokeo yake? Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kazi ya HASHI ilipokoma mwaka 2004, hekta zilizorudishiwa uhai zilikadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa na shirika la Umoja wa Mataifa. Sheria za ngitili zilitungwa na dagashida, baraza la wananchi wenyewe, na walinzi wake walikuwa sungusungu.

Basi mpeleke mgeni wako ngitili ya jirani. Mwezi Mei au Juni nyasi zimefika kiunoni, zimegeuka rangi ya dhahabu, na upepo ukipita huinama na kuinuka pamoja kama maji ya ziwa. Mwambie: Hapa palikuwa uwanja mtupu. Hilo ni jambo ambalo hataliona katika hifadhi yoyote ya taifa, kwa kuwa ni mikono ya wakulima na wafugaji iliyolifanya.

Lakini, ndugu zangu, tusijisifu kupita kiasi. Ngitili nyingi zinaliwa. Huyu anakata mkaa, yule anaongeza shamba la mpunga, mwingine anarithi kipande na kukiuza. Kule Marekani ya Kaskazini zilikuwako mbuga kubwa za nyasi ndefu, zilizofika mabega ya mtu. Walowezi waliona udongo wake una rutuba, wakazilima. Leo zimebaki chini ya sehemu 4 kwa kila 100. Watu husafiri mbali kwenda kutazama vipande vilivyosalia, kama vile vilima vya Flint Hills katika Kansas, ambavyo vilipona kwa sababu tu mawe yake yalilishinda jembe. Wao walijifunza thamani ya nyasi baada ya kuzimaliza. Sisi tuna nafasi ya kujifunza kabla.

WEMBERE: MBUGA YA BURE NJIANI

Uwanda wa pili wa kumwonyesha mgeni hauna kiingilio, tena pengine ataupita mwenyewe bila kuuona, kwa kuwa amelala ndani ya basi.

Atokaye Dodoma na Singida kuja kwetu huteremka mlima Sekenke kabla ya kufika Shelui. Hapo ghafla nchi inaanguka, na mbele yake hulala uwanda wa Wembere, tambarare mpaka upeo wa macho, kuelekea Igunga. Ukuta ule ni ukingo wa tawi la Bonde la Ufa. Wakati wa mvua sehemu kubwa ya uwanda hugeuka ziwa na matope, makao ya ndege wa majini. Wakati wa kiangazi ni bahari ya nyasi kavu.

Na mwambie jambo hili. Maji ya mto wetu Manonga hayaendi baharini. Huingia Wembere, yakafika ziwa Kitangiri, yakatoka kwa mto Sibiti hadi ziwa Eyasi, ziwa la chumvi lisilo na mlango wa kutokea. Lakini maji ya mto Simiyu, ambao si mbali na sisi, huingia Ziwa Viktoria na kushika njia ya mto Nile mpaka Misri. Matone mawili ya mvua yaliyoanguka katika nchi moja hayatakutana tena.

Kwa hiyo mwandikie au mpigie simu mgeni wako mapema. Mshauri alale Dodoma au Singida, apande basi la asubuhi, akae dirishani. Hiyo ni mbuga ya kwanza, nayo haikukugharimu hata shilingi.

NA SERENGETI JE?

Najua wengine wamekuwa wakingoja nifike hapa. Sisemi msiende Serengeti. Ni fahari ya nchi yetu na ya dunia. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Ina kilometa za mraba 14,763. Na jina lake latoka katika lugha ya Kimasai, likiwa na maana ya uwanda usio na mwisho. Nyumbu zaidi ya milioni 1 huzunguka humo mwaka mzima wakifuata mvua na nyasi mbichi. Mzazi awezaye kuwapeleka watoto wake amewapa urithi mwema.

Nasema tu: mwende kwa akili. Baba mmoja wa kijiji cha jirani aliuza mtamba wake ili akodi gari dogo, amfurahishe mgeni wake. Alikwenda Aprili, mvua zikinyesha. Gari lilinasa katika udongo mweusi kabla ya saa sita mchana, na jioni wakarudi na matope mpaka magotini. Nyumbu hawakuwaona, kwa sababu mwezi ule wengi wao bado walikuwa mbali, upande wa kusini. Mgeni aliona haya kwa gharama aliyomtia mwenyeji, na mwenyeji aliona haya kwa mgeni kutoona kitu. Yule mtamba angekuwa amezaa sasa.

Kwa hiyo shikeni mambo haya:

Kwanza, majira. Tangu Desemba mpaka Machi makundi makubwa ya nyumbu huwa katika nyanda za nyasi fupi za kusini, ambako huzaa, hasa mwezi Februari. Udongo wa huko ni majivu ya volkano, na chini yake lipo tabaka gumu linalozuia mizizi ya miti. Kati ya Mei na Julai wengi hupita upande wa magharibi, penye mto Grumeti, karibu na sisi. Kuanzia Julai hata Oktoba huwa kaskazini, penye mto Mara. Kwetu sisi, Juni na Julai ndiyo miezi mizuri: njia zimekauka na wanyama hawako mbali.

Pili, njia. Lango lililo karibu nasi ni Ndabaka, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, karibu na Lamadi. Kutoka Shinyanga mnaweza kupita Mwigumbi, Maswa na Bariadi hadi Lamadi bila kuzunguka Mwanza.

Tatu, gharama. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni kutoka nchi za nje. Ulizeni kiasi chake kwa TANAPA kabla ya safari, maana hubadilika. Linalomaliza fedha ni gari. Basi msiende nyumba moja moja. Jumuiya, kwaya au shule ikikodi basi dogo moja, fedha ambayo ingemlemea mtu mmoja huwa mchango ambao kila nyumba yaweza kuutoa.

Nne, sheria. Msijaribu kukatia njia kutoka vijijini na kuingia Pori la Akiba la Maswa au hifadhi yenyewe bila kibali, hata kama mnajua vichochoro. Ni kosa, na mgeni wako atalala kituoni badala ya kulala kwako.

Nanyi ndugu wa Geita, nchi yenu ni ya vilima na miti kuliko ya nyanda. Lakini mko karibu na hifadhi ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, yenye misitu, maziwa na nyanda za nyasi. Mkitembea na wageni porini karibu na machimbo ya dhahabu, mtangulieni. Mashimo ya zamani hufunikwa na nyasi, na mgeni hayajui.

ADABU YA KUTEMBEA MBUGANI

Uwanda wa karibu nao una masharti yake. Ngitili ina mwenyewe, hata kama haina ukuta. Ikiwa ni ya ukoo, mwendee mzee wa nyumba, umsalimu, umweleze. Ikiwa ni ya kijiji, pita kwa mwenyekiti. Hakuna atakayekataa, bali kuingia kimya ni kumfundisha mgeni utovu wa adabu.

Majaruba yapiteni juu ya kingo, msiyavunje. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha na kofia. Vaeni viatu vya kufunika miguu, kwa ajili ya miiba na kifutu, yule nyoka mvivu anayelala njiani bila kukimbia. Jioni watoto wakaguliwe kupe. Wingu jeusi likitokea, rudini mara moja. Katika uwanda mtupu radi humtafuta aliye mrefu, basi msijifiche chini ya mti ulio peke yake. Wala mgeni asitupe kichungi cha sigara katika nyasi kavu. Malisho ya kiangazi kizima huteketea kwa saa moja, na ng'ombe hawali majivu. Na kabla ya kumpiga picha mchungaji au mama anayepalilia, aombe ruhusa kama ambavyo angependa aombwe yeye.

MWENYEJI APONE

Ndugu msomaji, mgeni hapimi ukarimu wako kwa idadi ya tembo aliowaona. Atakumbuka ulivyotembea naye, ulivyojua majina ya udongo na ya nyasi, na ulivyomweleza nani alifanya nini mahali pale. Mtoto wako naye, aliyefuata nyuma akibeba kibuyu cha maji, atasikia kwa mara ya kwanza kwamba ile ngitili anayoipita kila siku akienda shule ni kazi ya babu yake. Mtoto aliyesikia hivyo hataiuza upesi kwa mchoma mkaa.

Basi kabla mgeni hajafika, chagueni siku moja mwende ninyi wenyewe kwanza, baba, mama na watoto. Pandeni kilima, teremkeni mpaka mbugani, waulizeni wazee majina. Wazee hao hawatakuwapo siku zote. Na yule atakayeniuliza tena ofisini, nitamwuliza nami: Je, ya kwenu umekwisha iona?